Teke la bunduki ya stenlesi: maneno ya mshika fimbo

Mhariri,

Gazeti lenu la Jumamosi mimi hulisoma Jumatatu, kijana wa duka la vipuri pale stendi ya Itigi akishamaliza kurasa za mpira. Safari hii nililikuta limekunjwa kwenye makala ya bunduki za kuwindia, na kijana mwenyewe akanikabidhi huku anacheka: "Babu, hii yako." Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani.

Mwandishi wenu ameandika kwa raha kuhusu bunduki za bolti, zile zinazofunguliwa na kufungwa kwa komeo la mkono kila risasi, zenye mtutu wa stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, na kitako cha plastiki ngumu, zile ambazo wageni wa uwindaji wa kitalii wanakuja nazo siku hizi. Picha nimeipenda. Lakini anasema stenlesi imepunguza teke, yaani ule msukumo wa bunduki kurudi begani, kwamba bunduki hizo hazikosi shabaha, na kwamba kwa kuwa hazishiki kutu basi hata kusafishwa hazihitaji. Kisha akamalizia kwa kusema bunduki yenye teke kubwa ndiyo yenye kuua. Yaani teke limepungua, halafu teke ndilo jema. Hapo nikavua miwani.

Mimi sijawahi kumiliki bunduki ya namna hiyo. Nimezibeba tu. Kuanzia 1989 hadi 2019 nilifanya kazi katika kambi za uwindaji kwenye mapori ya akiba ya Rungwa na Kizigo, kwanza mpagazi, kisha mchuna ngozi, kisha mfuata nyayo, na miaka mingi zaidi nilikuwa mshika fimbo. Kwa wasiojua: ni fimbo tatu za mianzi zilizofungwa pamoja karibu na ncha kwa utepe wa mpira wa tairi. Nyati akionekana, mshika fimbo anazipanua mbele ya mgeni, mgeni analaza bunduki kwenye makutano yake, nami napiga goti pembeni nikiushika mguu mmoja usiteleze. Mtutu unakuwa umbali wa mkono kutoka usoni mwangu. Nyati simtazami. Huyo anatazamwa na mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni, na bwana nyama wa serikali aliyesimama nyuma yetu. Mimi namtazama mgeni, kidole chake na jicho lake.

Kwa hiyo habari ya teke naijua kwa kuiona ikitokea usoni mwa mtu.

Baruti ikilipuka ndani ya chemba inasukuma kichwa cha risasi mbele, na kwa kiasi kilekile inaisukuma bunduki nyuma. Teke linatokana na mambo machache: uzito wa kichwa cha risasi, kasi yake, wingi wa baruti, na uzito wa bunduki yenyewe. Aina ya chuma cha mtutu haimo katika hesabu hiyo. Stenlesi na chuma cheusi cha kawaida vinakaribia kuwa sawa kwa uzito. Chukua mitutu miwili ya urefu mmoja na unene mmoja, mmoja wa stenlesi na mwingine wa chuma cheusi, uipime: tofauti yake haifiki uzito wa risasi moja ya .375 (namba hizi ni upana wa risasi kwa inchi).

Haya sikuyaota. Mwaka 1998 tulipata mgeni, mhandisi wa vyuma kutoka Sheffield, Uingereza, mtu mpole aliyekuwa hapendi kulala mapema. Usiku, moto ukishatulia, alikuwa akichora hesabu kwenye mchanga kwa kijiti, na mimi nikanakili kwenye daftari. Daftari ninalo hadi leo, lina alama za mafuta ya bunduki kila ukurasa. Risasi ya .375 ya kampuni ya Holland & Holland, ambayo Waingereza hao waliitoa 1912, ina kichwa cha gramu 19 na kitu, kinachotoka kwa kasi ya mita karibu 770 kwa sekunde. Ukijumlisha na ile baruti inayotoka nyuma yake, bunduki ya kilo 4.2 inarudi begani kwa kasi ya mita 5 hivi kwa sekunde. Kipimo cha nguvu yake ni joule 50 na kidogo. Sasa ipunguze bunduki ifike kilo 3.5 na usibadilishe risasi: kasi ya kurudi inafika mita 6, na ile nguvu inaongezeka kwa humusi nzima. Kwa kulinganisha, .30-06 ya kilo 3.6, ambayo watu wengi wanaimudu kwa kuwindia swala pala na kongoni, inampiga mtu kwa joule 28 hivi.

Sasa kilo hizo zimepungulia wapi? Kwenye kitako na kwenye unene wa mtutu. Mti wa walnati ni mzito, plastiki ni nyepesi. Kambi yetu ilikuwa na Brno ya zamani ya Chekoslovakia, .375, bunduki ya akiba kwa mgeni ambaye mizigo yake imepotea uwanja wa ndege. Ilipita kilo 4 bila darubini, na kuibeba kutwa nzima begani ilikuwa adhabu. Wageni waliicheka. Bunduki zao za kung'aa zilikuwa nyepesi kama mwiko, dukani wanaziinua kwa mkono mmoja na kutabasamu. Ndipo fundi wa matangazo anapokuja kuandika kwamba ni stenlesi iliyofanya maajabu, wakati stenlesi na wepesi vimekutana tu kwenye bunduki moja, kama abiria wawili katika basi.

Huyo mhandisi ndiye aliyenisimulia pia chuma hiki kilivyopatikana, na hapa naomba mwandishi wenu anisikilize, maana ameandika kwamba stenlesi ilibuniwa kwa ajili ya masufuria ndipo ikahamia kwenye bunduki. Ni kinyume chake. Mwaka 1913 hukohuko Sheffield, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki ambacho hakitaliwa upesi na joto la baruti. Katika majaribio yake akapata chuma chenye kromiamu karibu asilimia 13, akaona hakishiki kutu kama vingine. Visu vya mezani vikafuata. Mgeni wetu alikuwa akitusimulia hayo huku ameshika kijiko cha uji, anakigeuzageuza kwenye mwanga wa moto, na mpishi akadhani analalamika kwamba kijiko ni kichafu.

Turudi begani. Watu wengi wanadhani teke ndilo linaloipotosha risasi. Kwa bunduki iliyoshikwa vizuri, sivyo. Kichwa cha risasi kinamaliza mtutu kwa muda usiozidi sehemu mbili za elfu za sekunde, na katika muda huo bunduki ya .375 imerudi nyuma milimita 3 hivi, unene wa kamba ya kiatu. Teke lenyewe, lile linalokutikisa meno, linakuja risasi ikiwa imekwisha ondoka. Kinachoipotosha ni mtu kulishtukia teke kabla halijaja. Anafumba macho, anakaza bega, anaivuta traiga kama anavuta ndoo kisimani, na mdomo wa mtutu unainama. Kuinama kwa milimita chache pale kwenye mtutu, kule mbele ni kutoka moyoni hadi tumboni.

Ninalijua hilo tangu utotoni. Baba yangu alikuwa mrina asali, Mkimbu wa porini hasa, na alikuwa na gobore lililofuliwa kwetu hukuhuku. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu alinipa nipige kanga. Lilinikalisha chini, likanichubua shavu, na moshi ulipoisha kanga walikuwa wamekwenda zao. Baba alicheka mpaka akakohoa. Mwaka mzima baada ya hapo nilikuwa nafumba macho kila nilipolishika, na sikujua kwamba nafumba. Mdogo wangu ndiye aliyeniambia, nami nikampiga kofi kwa kunisingizia.

Mtu anayefumba macho hajui kwamba anafumba. Hilo ndilo gumu lake.

Septemba 2006, miyombo imeanza kutoa majani mekundu, tulipokea mgeni kutoka Marekani, mtu mkubwa wa mwili, mwenye .375 mpya ya stenlesi na kitako cheusi. Jioni ya kwanza alipima shabaha kambini. Alikaa mezani, bunduki imelazwa juu ya mifuko ya mchanga, na baina ya kitako na bega akaweka kifuko kingine kizito. Mita 100, risasi tatu. Nilikimbia kwenda kuleta karatasi, na matundu yote matatu yangefunikwa na kizibo cha soda. Kambi nzima ilipiga makofi. Mimi nilipiga pia, na nilikuwa mjinga kama wenzangu.

Siku ya tatu tukampata nyati dume, mita kama 60, amesimama ubavu. Nikapanua fimbo. Mgeni akalaza bunduki, nami nikamtazama. Kidole kilikuwa kimepauka kwa kubana, na kabla ya mlio macho yote mawili yalikuwa yamefungwa, yamekunjwa kama ya mtoto anayechomwa sindano. Risasi ilimwingia nyati nyuma sana, tumboni. Akaondoka.

Wasomaji wenu wengi hawajawahi kufuata nyati wa tumboni. Damu ni kidogo, nyeusi, imechanganyika na majani aliyokula. Unaweza kwenda nusu saa unatafuta tone moja. Na nyati aliyejeruhiwa ana tabia ya kugeuka, anarudi sambamba na njia yake mwenyewe na kusimama kichakani akikusubiri upite. Sisi tunakwenda mbele tumeinama, macho chini, mikono mitupu. Wenye bunduki wako nyuma yetu hatua chache. Tulikwenda hivyo kwa muda wa saa tano nzima, tukaingia kwenye vichaka vya Itigi ambavyo mtu akiwa hatua kumi humwoni. Nyati alitoka upande wa kulia, hatua tisa, nilizihesabu baadaye. Mwindaji bingwa alikuwa na .458 na alimwangusha, lakini baada ya pembe kupita kwenye paja la mwenzangu. Tulimkimbiza hospitali usiku ule juu ya magodoro nyuma ya gari. Alipona. Anachechemea, na hakurudi porini tena. Siku hizi anauza mkaa.

Asubuhi yake mwindaji bingwa hakugomba. Alimwomba mgeni apige tena, safari hii kwenye fimbo, na kila mara alimjazia bunduki yeye mwenyewe akiwa amegeuka. Alikuwa na risasi mbili za bandia, ganda na kichwa bila baruti, ameyatoboa maganda ili yasije yakachanganyika na ya kweli. Risasi ya kwanza ilikuwa ya kweli. Ya pili akaweka bandia. Mgeni akalenga, akavuta, pakasikika "ta" tu, na mtutu ukachota chini kama jembe. Sisi tuliokuwepo tuligeuza nyuso, maana mtu mzima si wa kutazamwa wakati kama ule. Aliitazama bunduki kama kwamba ni mtu mwingine aliyekuwa ameishika. Kisha akaenda kukaa chini ya mninga, peke yake, mpaka chai ikapoa.

Bunduki yake haikuwa na kosa lolote, Mhariri. Kizibo cha soda kilikuwa kweli. Kwenye mifuko ya mchanga, teke limezuiwa na kifuko, hakuwa na la kuogopa. Na hapa ndipo neno la kwamba bunduki hizi hazikosi linapokuwa hatari. Moyo na mapafu ya nyati ni shabaha ya upana wa sahani kubwa ya pilau. Kwa mita 60, bunduki inayotawanya risasi zake mara mbili ya ile ya mgeni bado ingezitia zote ndani ya kikombe cha chai. Tofauti ya bunduki nzuri na nzuri zaidi inapotea ndani ya sahani ile. Anayekosa sahani ni mtu.

Sisemi bunduki zote ni sawa. Watengenezaji wa mitutu ya mashindano wanaipenda stenlesi, kwa sababu inakatika vizuri kwenye mashine na kusuguliwa ndani ikawa laini. Huo ni ufundi wa ndani ya mtutu, kung'aa kwa nje hakuhusiki. Na kitako cha plastiki kina sifa moja ya kweli: hakinyonyi maji. Mvua za Novemba zikianza, kitako cha mti kinavimba, kinaubana mtutu upande mmoja, na bunduki iliyokuwa ikipiga katikati mwezi Julai inahamia pembeni kwa kipimo cha kiganja. Nimeona mgeni akimlaumu kila mtu kambini kasoro yule mti. Mara nyingi zaidi, lakini, kosa huwa kwenye skurubu za darubini. Teke kubwa linazilegeza kidogokidogo. Nilikuwa na bisibisi mfukoni miaka yote, na kabla ya kuondoka kambini nilizigusa moja moja. Darubini yenyewe, ikifungwa karibu mno na jicho, inampasua mgeni nyusi, mstari mwembamba wa mwezi mchanga. Nimewaona sita wenye mwezi huo. Na aliyepasuliwa mara moja, mpe .375 tena uone macho yake.

Sasa kusafisha. Hapa mwandishi wenu amenigusa pabaya, maana mimi ndiye niliyekuwa nikisafisha.

Ni kweli stenlesi inatufaa sisi wabebaji. Bunduki ya chuma cheusi unaibeba begani kutwa, umeushika mtutu, jasho linaingia, na asubuhi unakuta alama za vidole vyako zimechoreka kwa kutu nyekundu, na mgeni anakuuliza kama uliilaza nje. Kwa stenlesi hilo ni nadra. Lakini nadra si kamwe. Mgeni mmoja alirudi na bunduki imelowa mvua, akaifungia hivyohivyo kwenye sanduku lake lenye sponji, siku mbili. Nilipolifungua niliona vipele vya rangi ya chungwa chini ya pete za darubini na kuzunguka skurubu. Stenlesi ya mitutu siyo ile ya sinki la jikoni. Imechanganywa ikatike na iwe ngumu, na unyevu wa chumvi, jasho likiwemo, unaikwangua. Halafu ndani, springi na vipande vya traiga mara nyingi ni chuma cha kawaida. Nje inameta, ndani inaoza. Na meno ya bolti, stenlesi kwa stenlesi, yakisuguana kavu yanang'ang'aniana mpaka bolti inakataa kufunguka. Tone la grisi linatosha, lakini lazima mtu aliweke.

Jambo moja dogo: mafuta yakiachwa ndani ya mtutu, risasi ya kwanza huwa haiendi zinakokwenda nyingine. Nilikuwa naukausha mtutu kwa kitambaa kila alfajiri. Wageni wachache waliliona hilo. Mmoja alinipa kisu.

Kuhusu teke kubwa kuwa ndilo linaloua, mwandishi angewauliza wazee wa Karamoja kule Uganda, kama wangekuwepo. Mskoti W.D.M. Bell aliua tembo zaidi ya elfu moja mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, kitu kidogo ambacho leo tungepigia tohe. Alipasua mafuvu ya tembo akayasoma mpaka akajua ubongo umekaa wapi kwa kila pembe ya kutazamia. Bunduki haikumuumiza, basi akaiweka risasi alipotaka. Simtaji ili aigwe. Tembo elfu ni msiba wake na wetu, na kanuni zetu leo haziruhusu kushuka chini ya .375 kwa nyati na tembo, nami naona ni sawa, kwa sababu si kila mtu ni Bell. Lakini kati ya .375 unayoimudu na .458 inayokutetemesha, mimi niliyepo mbele ya kichaka naomba uje na ya kwanza.

Kuna dawa nyingine ya teke ambayo makala imeisifia kwa mstari mmoja: kile kizibo chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa mtutu. Kinapunguza teke kweli, tena sana. Gesi badala ya kwenda mbele inatupwa pembeni, inaivuta bunduki isirudi. Pembeni huko ndiko ninakopiga goti mimi. Mlio wa bunduki kubwa unapita desibeli 150, na kizibo kinauongeza kwa walio kando. Mwaka 2011 mgeni wa .300 alimpiga pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, kwa kizibo kile bila kuniambia. Mgeni alikuwa na viziba masikio vizuri vya rangi ya kijani. Sikio langu la kushoto lililia wiki mbili, kisha likaacha kulia na kusikia pia. Mke wangu sasa anakaa kulia kwangu tukila. Bega la mgeni lilipona kabla hajapanda ndege.

Yule Mmarekani alirudi mwaka 2008. Nilipomwona akishuka kwenye gari niliangalia sanduku kabla ya uso wake, na lilikuwa lilelile, bunduki ileile. Nilipoibeba nikashtuka. Nilikwenda kuining'iniza kwenye mizani ya nyama: kilo 4.6 pamoja na darubini. Alikuwa amekijaza kitako marisau ndani, vile vigololi vizito vya madini ya risasi, akabadilisha mpira wa begani ukawa mnene, na mtutu hakuutia kizibo chochote. Alisema kwa Kiswahili chake cha maneno kumi kwamba ".22, kila siku, mwaka mbili". Yaani alinunua bunduki ndogo ya .22 yenye bolti na traiga zinazofanana, yenye teke dogo mno, akapiga amesimama kwenye fimbo, maelfu kwa maelfu, mpaka jicho likasahau. Ile kubwa aliipiga mara chache tu, risasi tatu tatu, na kuiacha kabla bega halijachoka.

Kambini hakuomba meza. Aliomba fimbo. Mwindaji bingwa akamjazia akiwa amegeuka, kama zamani, na ya tatu ikawa bandia. "Ta." Mtutu haukutikisika. Nilimtazama macho, yalikuwa wazi, hata kope hazikucheza. Kisha akauliza mwenzangu yuko wapi, yule wa paja, na tukampeleka kwake siku ya mapumziko. Walikaa nje ya nyumba muda mrefu bila lugha ya kuzungumzia.

Naandika haya yote kwa sababu mpwa wangu ameajiriwa na anaingia kambini Julai hii, msimu ukifunguliwa, kushika fimbo. Naye alikuwa ameikata ile picha yenu akaibandika ukutani. Sikuibandua, bunduki ni nzuri. Nimempa bisibisi yangu na lile daftari. Nimemwambia jioni ya kwanza, mgeni akimaliza kupiga mezani, amwombe mwindaji bingwa kwa adabu kwamba mgeni apige pia kwenye fimbo, na yeye aache nyati wa karatasi, amtazame mgeni macho. Na akiona matundu mdomoni mwa mtutu, azichomeke fimbo ardhini kwa nguvu, aziache, arudi asimame nyuma ya mgeni, hata kama mgeni atanuna.

Mshika fimbo mstaafu,
Itigi, Singida